Hapa Yupo Mama Salfa

Harufu ya salfa hufika kabla salfa yenyewe haijaonekana. Unaamka asubuhi ya mwezi wa saba, baridi bado imekaa kwenye nyasi za paa na ukungu haujapanda kutoka bondeni, unavuta pumzi ya kwanza na tayari koo linawasha kama umelamba kichwa cha kiberiti. Kisha unasikia pampu ikinguruma kwenye shamba la mtu. Ukitoka nje unaona wingu la njano limesimama juu ya mikorosho, linasita kidogo, halafu linaanza kushuka taratibu juu ya kila kitu: majani, nguo zilizoanikwa, muhogo uliotandazwa mkekani, migongo ya kuku. Kwetu Mkunya, juu ya uwanda wa Newala, miezi hiyo hata ugali ulikuwa na ladha ya salfa, na hakuna aliyelalamika, kwa sababu salfa ndiyo iliyozuia ugonjwa wa ubwiriunga usimalize maua ya korosho. Mimi nimetembea sana tangu wakati ule na nimesahau mengi, majina ya watu niliolala kwao, hata sura ya baba yangu siku nyingine inanikimbia. Lakini nikipita na basi msimu wa kupuliza na harufu ile ikaingia dirishani, nageuka mtoto wa miaka tisa, na aibu inanijia kabla sijakumbuka ni aibu ya nini.

Ni ya mwanamke aliyekaa kwetu msimu mmoja. Mwaka ule vita vya Msumbiji, vile vya zamani, vilikuwa bado vinawaleta watu ng'ambo yetu ya Ruvuma. Wengine walipelekwa kambini, wengine waliingia tu vijijini kwa sababu lugha ilikuwa moja na mashamba yalifanana. Balozi wa nyumba kumi alipita akiuliza nani ana nafasi, na baba akasema tuna chumba nyuma ya jiko, kilichokuwa cha kuwekea magunia. Mwanamke akaletwa alasiri, amevaa kanga moja na kushika nyingine, na ndani ya ile aliyoishika alikuwa na kikombe cha plastiki cha kijani, cha mtoto, ukingo wake umeng'atwang'atwa. Bibi yangu, mama yake mama, alimsogelea akamtazama nembo za mashavuni, ile mistari iliyochanjwa kama aliyokuwa nayo yeye mwenyewe, akazipitishia kidole, akasema huyu ni wa kwetu, mpeni maji.

Kisha Bibi akauliza swali ambalo kwetu mgeni wa kike huulizwa kabla ya jingine lolote: "Tukuite mama nani?" Lazima nieleze hapa, kwa msomaji asiyetoka kwetu. Mwanamke akishazaa, jina alilopewa na wazazi wake linawekwa kando kama nguo ya utoto, na anaitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Mama yangu alikuwa Mama Issa, kwa sababu ya kaka yangu. Nilishakuwa mkubwa ndipo nilipojua kwamba jina lake ni Somoe, na nilishangaa kana kwamba nimeambiwa ana mume mwingine. Yule mgeni akajibu kwa sauti ya chini kwamba ni Mama Zefa. Sote tukatazama mlangoni, tukisubiri huyo Zefa aingie. Hakuingia mtu. Wakubwa walinyamaza, lakini mimi sikuumbwa kunyamaza, nikauliza Zefa yuko wapi. Mama akanifinya paja. Mwanamke akanitazama, tena kwa wema, akasema, "Anakuja."

Yaliyotokea mama aliyapata kisimani, kwa mkimbizi mwingine aliyekuwepo. Walifika mtoni watu wengi kuliko mitumbwi. Nyuma yao milio ya bunduki ilikuwa inakaribia. Mtumbwi wa kwanza ulikuwa umejaa, lakini mtu mmoja ndani yake alinyoosha mikono akasema mpe mtoto, wewe panda unaofuata. Akampa. Mtumbwi ule ukasukumwa, maji yakauchukua kuteremka nao kuelekea chini ya mto, ukapotea nyuma ya matete. Wa pili ukavuka ukamfikisha. Wa kwanza hakuna aliyeuona ukizama na hakuna aliyeuona ukitia nanga upande wetu. Kwa hiyo mwanamke aliposema anakuja, hakuwa anadanganya wala hakuwa amerukwa na akili. Alikuwa anasema jambo ambalo lingeweza kuwa kweli.

Wiki za kwanza mama alimsifu kwa majirani mpaka nikaona wivu. Alijua kuchimba ming'oko, vile viazi vya porini, kuliko sisi wenyeji. Alitazama tu jinsi mmea ulivyojinyonga kwenye mti akajua mzizi wake umelala upande gani. Tukichemsha, alimega kipande kimoja kizuri akakiweka kwenye kile kikombe cha kijani, akakifunika na jani, na jioni, kipande kikishakuwa kigumu, alinipa mimi. Na maji alikuwa hachoki kuyafuata. Wanawake wa uwandani maji yao yako chini ya mteremko, unashuka mikono mitupu na unapanda na ndoo kichwani huku magoti yanatetemeka, na hakuna aendaye mara mbili kama mara moja inatosha. Yeye alikwenda mara tatu. Mtungi wetu ulikuwa umejaa saa zote. Siku moja nilimfuata kwa udadisi wangu tu, nikamkuta katikati ya njia, pale ambapo miti inaachana na bonde lote linaonekana mpaka mtoni. Ruvuma ilikuwa kule mbali kama uzi, na michanga yake myeupe. Alikuwa ameweka ndoo chini, amekalia ngata yake, anatazama.

Hakunifukuza. Alinisogezea nafasi, na kuanzia siku ile nikawa naketi naye pale. Aliniambia Zefa anaogopa bata. Aliniambia Zefa akicheka hufunika mdomo kwa mkono wa kushoto kwa sababu jino la mbele limetoka, na kwamba hapendi kusukwa, lazima umpe kitu cha kutafuna. Aliniambia ana miaka kama yangu, akaweka kiganja chake juu ya bega langu, akakishusha kidogo sana, upana wa kidole, akasema hapa. Alipokuwa akisema hayo alikuwa mtu kama watu wengine. Nimeshakaa na watu wengi wanaozungumza juu ya watoto wao, na sikuona tofauti.

Tatizo lilianza kuonekana watu walipomsalimia. Ukisema, "Shikamoo, Mama Zefa," hakukutazama wewe kwanza. Aligeuka akatazama nyuma yake, chini kidogo, pale ambapo mtoto anayemfuata mama yake angekuwa. Halafu ndipo akakurudia na kusema marahaba. Alifanya hivyo kila mara, kwa kila mtu, na watu wakaanza kuogopa kumsalimia. Kisha ikaja asubuhi ya pampu. Baba alikuwa amemkodi Chande, kijana wa kijiji aliyekuwa na mashine, aje kupuliza shamba letu. Mama Zefa alikuwa anatandaza muhogo. Chande alipovuta kamba na mashine ikalipuka kwa mngurumo, yule mwanamke alijitupa kifudifudi kati ya vipande vya muhogo, na mkono wake mmoja ulikuwa unapapasa udongo pembeni, unatafuta kitu cha kufunika na mwili wake. Salfa ikamshukia. Alipoinuka alikuwa wa njano kuanzia nywele hadi vidole. Chande akacheka, na vijana waliokuwa naye wakacheka, na mimi nikacheka. Alikuwa anachekesha kweli, kwa macho ya mtoto.

Nisiseme kwamba watu hawakujali. Walijali, na hilo ndilo linalonisumbua. Baba alimpeleka zahanati, akapewa vidonge vya kulalia, akalala siku mbili na akaamka vilevile. Bibi alimwita fundi, akachomewa dawa na kuvukizwa chini ya kanga. Mwishowe wanawake wa jirani walikaa uani kwetu wakati yeye yuko kisimani, wakayazungumza kwa huruma yote waliyokuwa nayo, na mama ndiye aliyesema kilichofuatwa. Alisema sisi tunamchoma huyu mwenzetu kila tukimsalimia. Tunamkumbusha marehemu asubuhi, mchana na jioni. Wakakubaliana jina lile lisitajwe tena. Akaitwa mgeni, au dada, au asiitwe chochote. Bibi pekee ndiye aliyeuliza nani amesema mtoto ni marehemu, lakini alikuwa mzee na aliuliza huku anaendelea kuchambua mbaazi, na swali lake likapita. Mimi niliambiwa kwa ukali zaidi kwa sababu ya mdomo wangu. Siku ya pili nikasahau, nikaita jina lile kwa sauti, na mama akanichapa kwa mwiko mpaka nikajificha kwa Bibi.

Lakini mtu hawezi kukaa kijijini bila jina, na jina lilipatikana. Chande alipita na pampu yake mgongoni akamwona njiani, akasema kwa utani tu, "Habari za asubuhi, Mama Salfa?" Sikiliza jinsi yanavyofanana. Zefa, Salfa. Ukisema haraka ni kama mtu mwenye mafua ndiye aliyesema. Vijana walilipenda, watoto wakalichukua, na kabla ya wiki mbili kwisha hata wazee walikuwa wanalitumia, kwa heshima kabisa, kana kwamba alizaa mtoto akamwita Salfa. Mwanzoni hakuitikia. Baadaye akaanza. "Mama Salfa." "Abee." Na alikuwa hageuki tena kutazama nyuma. Mama alifurahi sana. Aliwaambia wenzake kwamba ameanza kupoa. Hakuna aliyeona, isipokuwa mimi niliyeketi naye mteremkoni, kwamba alikuwa ameacha pia kuzungumza. Aliweka kiganja begani kwangu mara moja moja, lakini hakukishusha tena.

Mwanamume mmoja alikuja maua ya korosho yakiwa yamefunguka yote. Ilikuwa mchana, wakubwa wako shambani, Mama Salfa ameshuka maji, mimi nalinda muhogo usiliwe na mbuzi. Alikuwa na baiskeli ambayo kiti chake kilifungwa kitambaa chekundu. Nikamwamkia, akaitikia vizuri, akaomba maji, akanywa amesimama. Alisema ametoka upande wa Mnyambe, anapita kijiji kwa kijiji. Kisha akasema, "Mjukuu wangu, ninamtafuta mama mmoja mkimbizi. Anaitwa Mama Zefa."

Najua nilichokuwa nakifikiri, sijawahi kukisahau. Nilifikiri juu ya mwiko. Nilifikiri kwamba nikisema ndiyo, nitakuwa nimelitaja jina, na mtu atamwambia mama. Nikatafuta njia ya kusema kweli bila kulitaja. Nikamwambia, "Hapa yupo Mama Salfa."

Alirudia jina lile kwa mshangao, akatabasamu kidogo. "Salfa? Hapana, siyo huyo. Wangu ni Mama Zefa." Akaningojea niseme kitu. Nilikuwa na nafasi ya kutosha. Aliinama akakaza kitambaa cha kiti, akafuta mikono yake, akashukuru kwa maji. Sikusema kitu. Akapanda baiskeli akashika njia ya kuelekea Tandahimba. Mama Salfa alifika na ndoo yake muda mfupi baadaye, alama za tairi bado ziko mchangani, akapita juu yake.

Nilikaa na jambo hilo siku nne. Siku ya nne nilimwambia pale pale tulipozoea kuketi, kwa sababu sikuweza tena kula vile vipande vya ming'oko alivyonipa. Nilitegemea anipige. Aliniuliza tu mtu yule alivaaje, alisema maneno gani, alisema yuko na mtoto au ana habari za mtoto. Sikujua. Sikumwuliza, mimi ninayeuliza kila kitu. Nikamwambia mama alituzuia kulitaja jina kwa sababu linamwumiza. Aliutazama mto. Akasema, "Mtoto akiulizwa mama yako ni nani, atajitaja yeye mwenyewe. Zefa hana jina langu jingine."

Baba alichukua baiskeli akaenda Mnyambe, akaenda Tandahimba, akauliza misikitini na kwenye vituo vya kununulia korosho. Hakuna aliyemjua mtu mwenye kitambaa chekundu. Mama hakunichapa safari hiyo. Alikaa jikoni mchana mzima bila kuwasha moto, kisha akatoka akamwita mgeni wetu kwa sauti ambayo majirani wote walisikia: Mama Zefa, Mama Zefa, njoo tule. Kuanzia hapo wote tukamwita hivyo, mara nyingi kupita kiasi, kama watu wanaojaribu kurudisha kitu walichokivunja. Yeye aliitikia kila mara. Hakugeuka tena nyuma. Karibu wiki moja baadaye alishuka maji asubuhi. Ilipofika adhuhuri wanawake walikwenda kumtazama, wakaikuta ndoo yetu pale kwenye upenyo wa miti, imejaa mpaka juu, na ngata imewekwa vizuri pembeni yake. Kikombe cha kijani hakikuwepo chumbani. Vijana walishuka mpaka mtoni, Chande akiwa mbele yao, wakatafuta siku tatu. Hawakupata chochote, si nyayo, si kanga.

Shule niliiacha darasa la sita. Mwalimu mkuu alimwambia baba kwamba nina akili lakini matako yangu hayajui kiti. Nimepika kwa watengeneza barabara, nimeuza mayai stendi ya Masasi, nimeshona midomo ya magunia ghalani, nimekaa Nanyumbu na wachimba madini, nimelala Mtwara kwenye nyumba ya Mpemba mmoja aliyenifundisha kukaanga kachori. Watu wa nyumbani wanasema sina utulivu. Kila nilipofika niliuliza. Nilianza kumwulizia Mama Zefa, kisha mtu wa kitambaa chekundu, na miaka ilivyozidi nikabaki na Zefa mwenyewe.

Sasa watu wanavuka tena. Vita ni vingine, mto ni uleule. Mwaka juzi nilipata kazi ya kupika kwenye ukumbi mmoja hapa Newala, ambapo wahudumu wa jamii walikuwa wanafundishwa namna ya kuwasaidia waliovuka na waliopoteza. Mafunzo yalikuwa ya siku tano, na mimi nilipeleka chai na kubaki mlangoni kusikiliza. Nesi aliyefundisha, binti mdogo wa Masasi, aliwauliza wafanye nini mtu akiendelea kumtaja mtoto asiyejulikana alipo. Darasa zima likajibu alivyojibu mama yangu: msilitaje jina, mtamtonesha. Nesi akasema hapana. Akasema kama hawajui mtoto alipo, wasimzike kwa niaba ya mama yake. Mwacheni amtaje, na ninyi mtajeni. Alilisema kwa urahisi, akafungua ukurasa mwingine. Mimi nilikwenda nyuma nikasimama kwenye sufuria ya maharage mpaka yakaungua, na siku ile walikula wali na mchicha.

Nilimsimulia Nesi siku ya mwisho, na kwa kuwa nazungumza Chimakonde cha pande zote mbili, akanichukua niwe natafsiri. Ndiyo kazi yangu siku hizi. Tunakaa na wanawake kwenye mikeka, tunazungumza juu ya usingizi, juu ya moyo kwenda mbio, juu ya sauti za pikipiki zinazowafanya walale chini. Hakuna anayecheka. Sisemi kwamba tunawaponya; wengine wanatutazama tu, na mmoja mwezi uliopita aliondoka bila kuaga, nami sikula siku ile. Lakini kuna swali moja ambalo haliko kwenye kitabu cha Nesi na ameniruhusu kuliuliza. Mwanamke akishaniambia aitwe mama nani, namwuliza: akija mtu kukuulizia, atakuulizia kwa jina gani? Tunaliandika. Tunalipeleka kwa mwenyekiti wa kijiji, dukani, kisimani, na watoto nawaambia mimi mwenyewe, walitaje kwa sauti.

Jana tulikuwa karibu na Mkunya, na walikuwa wanapuliza. Pampu za sasa zina mlio mwembamba zaidi, lakini harufu haijabadilika. Kabla ya kuondoka nilimwuliza mama mmoja aliyekuwa anaanua nguo kama amewahi kusikia mwanamke anayeitwa Zefa, wa umri wangu, labda mfupi kidogo, upana wa kidole. Alifikiri vizuri, hakutaka kunijibu hovyo. Kisha akaniuliza ni mama nani, maana kwa jina la utotoni hakuna atakayemjua. Nikamwambia sijui. Mimi sikujaliwa mtoto, nimebaki Fatu, yeyote anaweza kuniulizia. Lakini Zefa kama alifika ng'ambo yetu, basi alikua, akaolewa, akazaa, na jina ambalo mama yake alilishika kwa mikono miwili likawekwa kando. Huenda nimeshampita sokoni mara nyingi, nikamwamkia kwa jina la mtoto wake, naye akaitikia.